Mdhamini Asiye Ndugu

Porirua, New Zealand
21 Februari 1993

Shangazi Lepeka,

Shikamoo. Naandika haraka, nikitumaini meli ya safari hii haitaikalisha barua yangu bandarini Apia mwezi mzima kama ile ya mwaka jana. Sisi huku wazima. Baba anakohoa, lakini ni kikohozi chake cha kila mwaka. Bado anakwenda kiwandani na bado anagombana na msimamizi. Mama anasema ahsante kwa mkeka. Panya wa melini walionja pembe moja, kwa hiyo ameutandika pembe hiyo ikiwa chini ya kochi, na wageni wote wanausifu.

Sasa nikwambie. Yule Rawiri niliyekuandikia habari zake amekuja na wazee wake, na Baba amekubali. Harusi ni Jumamosi, tarehe 11 Desemba. Rawiri ni Mmaori na ndugu zake hawahesabiki. Tukizubaa watajaza ukumbi wote sisi tusimame nje. Baba amesema jambo moja tu: “Shangazi yako asipokuwepo kukuvisha mkeka wa bibi harusi, mimi simtoi mtu nyumbani.” Unamjua kaka yako. Akisema amesema.

Nimekutilia fomu ya pasipoti humu ndani. Ni kurasa nne tu. Mpelekee karani Panapa ofisini, ajaze, apige muhuri, aitie kwenye meli. Tiketi tumeshaanza kuchangia. Usianze kusema magoti, Shangazi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Wako mpenzi,
Meleane


Kisiwani, Tokelau
6 Aprili 1993

Meleane mwanangu,

Mimi ni mzima, magoti ni mabaya, na yule nguruwe uliyempa jina la mwalimu wako wa hesabu ulipokuja mara ya mwisho tumemla Krismasi. Alikuwa mtamu kuliko mwenye jina. Mashelisheli yamezaa mpaka tunayatupa. Meli ilichelewa wiki tatu, tukaishiwa sukari, na wanaume wa hapa wakawa hawasemezeki.

Nimefurahi kwa habari ya Rawiri. Mwambie ajifunze kula samaki na kichwa chake.

Sasa hiyo kazi yako ya asubuhi moja. Unajua kazi yangu hapa. Mimi ndiye fatupaepae wa ukoo. Wanaume huleta, mimi nagawa. Miaka thelathini nimekaa mlangoni pa nyumba hii nikigawa samaki na nazi kwa watu sabini na wanne, na sijawahi kwenda popote. Niliposema nakwenda New Zealand, watu walinitazama kana kwamba nguzo ya nyumba imeomba ruhusa. Sikujali. Nilivaa gauni la kanisani, nikaenda ofisini.

Panapa alikuwa pale na muhuri wake ameufunga kamba mezani, sijui anadhani nani atauiba. Tukajaza jina, tukajaza tarehe, tukajaza rangi ya macho. Ukurasa wa tatu akaweka kalamu chini.

“Mama Mkubwa, hapa panataka mdhamini.”

“Wa kufanya nini?”

“Mtu mwenye pasipoti yake, aliyekujua kwa mwaka mmoja au zaidi, aape kuwa wewe ndiwe wewe.”

“Si uandike wewe? Mimi ndiye niliyekukata kitovu.”

“Asiwe ndugu. Wa damu wala wa ndoa.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tukaanza kuhesabu, mimi na karani wa serikali, kwa vidole. Tuko watu mia nne na kumi. Mchungaji hana undugu nami, lakini amekuja Novemba. Mwalimu kutoka Samoa ana miezi minne, na muda mwingi kati ya hiyo ameumwa tumbo. Daktari ni mkwe wa binamu yangu. Muuguzi, wewe unamjua ni nani wangu. Tulipomaliza kuhesabu, Panapa akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama Mkubwa, mtafute yeyote, aandike tu kuwa si ndugu.”

Meleane, damu ilinichemka. Miaka sitini na moja nimeishi na watu hawa. Nimewazalisha, nimewaosha maiti zao, nimewagawia. Leo nipite mlango kwa mlango nikimwomba mtu anikane? Nikamwambia andika ninavyosema, neno kwa neno. Akaandika, jasho linamtoka: “Mtu asiye ndugu yangu hapa hayupo. Kama serikali inamtaka, imlete, akae nasi mwaka mmoja, tutamlisha. Lakini naionya serikali kwamba mwaka ukiisha atakuwa ameshakuwa ndugu.”

Fomu imeondoka na meli hii hii. Tuone watasemaje.

Shangazi yako,
Lepeka


Porirua
16 Mei 1993

Shangazi mpendwa,

Huku kumeanza baridi na sote tumevaa soksi mbili mbili. Baba amepunguza kikohozi. Mama ameingia kwaya ya wanawake na sasa anaimba hata akiosha vyombo.

Fomu yako imerudishwa. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya pasipoti Wellington kuulizia. Yule mama wa kaunta aliisoma kwa sauti, akawaita wenzake wawili, nao wakaja kusikiliza. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Halafu wakaniambia hapana. Bila mdhamini hakuna pasipoti.

Shangazi, nakuomba kwa magoti yangu ambayo bado ni mazima. Kila mtu hufanya hivyo. Binamu zangu wote waliokuja huku, unadhani nani aliwadhamini? Watu wao wenyewe! Wameandika “si ndugu”, wakapiga saini, wakaenda kula chakula cha mchana pamoja. Ni karatasi tu. Mtu wa Wellington hajui nani ni nani kwetu.

Jambo jingine, tumeirudisha nyuma tarehe ya harusi. Sasa ni Jumamosi, tarehe 9 Oktoba. Ni kwa sababu ya ukumbi. Kwa hiyo hatuna muda wa kubishana na serikali.

Mimi sijambo. Harufu ya samaki tu ndiyo inanichukiza siku hizi, labda ni hii baridi.

Meleane


Kisiwani
20 Juni 1993

Meleane mwanangu,

Ukumbi? Ukumbi gani huo unaomfanya msichana achukie harufu ya samaki?

Sisemi kitu. Sijauliza. Ila kula kidogo kidogo asubuhi kabla hujainuka kitandani, na usibebe ndoo.

Kijiji hakijambo. Wanawake wa upande wetu tumewafunga wa upande wa pili kriketi, na kuanzia siku hiyo hawasalimii. Paa la ofisi ya Panapa limetoboka, anafanya kazi na mwavuli, na ule muhuri ameuvalisha mfuko wa nailoni.

Unasema ni karatasi tu. Basi nikusimulie. Pula, niliyecheza naye kriketi tangu hatujaota meno ya ukubwani, alisikia shida yangu akaja mwenyewe. Ana pasipoti, alikwenda kumwona mwanawe. “Nipe niandike,” akasema, “tuyamalize.” Panapa akampa kalamu. Alipofika kwenye ule mstari akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaanza kulia. Ofisini, mbele za watu! Akasema, “Lepeka, nikifa mtu akaiona hii karatasi, watoto wangu watakuja kwako siku ya mgao uwaambie nini?” Nikaichukua kalamu, nikamrudisha nyumbani, nikampa chai.

Huyo si mjinga. Hapa undugu ndio unaokupa samaki wa leo na mnazi wa kesho. Wale binamu zako walioandikiana na kwenda kula, walikwisha ondoka. Hawakuwa na haja ya mgao. Sisi tuliobaki tuna haja. Sitamwomba mtu aandike hivyo, na wewe usiniombe tena.

Yupo mmoja tu aliyesema atasaini hata leo, hata mara tatu. Ana pasipoti tangu alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, na mdhamini wake alikuwa yule daktari Mfiji aliyekaa hapa miaka mitatu. Ni Hakaia. Alinisimamisha njiani akasema, “Nimesikia serikali inatafuta mtu asiye ndugu yako. Mwambie Panapa aweke wino.”

Simtaki. Usiniulize kwa nini. Na baba yako usimuulize.

Lepeka


Porirua
11 Julai 1993

Shangazi,

Salamu kutoka kwa wote. Ninakula kidogo kidogo asubuhi. Ahsante.

Bila shaka nilimuuliza Baba. Ulitegemea nini? Tulikuwa mezani. Nikasema, “Baba, Hakaia ni nani kwa Shangazi?” Akaweka uma chini, akatoka nje, akaingia kwenye gari, akakaa. Hakuwasha hata taa za ndani wala redio. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama akaniambia nimwache. Aliporudi akala chakula kilichopoa. Asubuhi akanipa hiki kikaratasi nikutilie. Nimekisoma, nisamehe, hakikuwa na bahasha.

Shangazi, sijui mmenificha nini. Lakini harusi yangu ni Oktoba na mimi nataka uwepo. Kama yuko mtu mmoja kisiwa kizima anayeweza kuandika ukweli, kwa nini uongo wa Pula ulikukera na ukweli wa huyu unakukera zaidi?

Meleane

*Dada Lepeka. Mimi na wewe hatujawahi kulisema hili, na haifai kaka na dada kulisema. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijibanza nje ya nyumba ya mkutano, nikasikia yote. Nilijua wanakudhulumu, nikanyamaza, mpaka leo nimenyamaza. Mwache asaini. Iosefa.*


Kisiwani
8 Agosti 1993

Meleane mwanangu,

Kikaratasi cha baba yako nimekitia ndani ya Biblia. Mwambie alikuwa mtoto, hakuwa na la kufanya. Mwambie pia apake dawa kifuani, asijitie uzima.

Leo sina habari za kijiji, kwa sababu habari ya kijiji ni mimi.

Mwaka 1951 Hakaia alikuja na mama yake na mikeka miwili kuniposa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimtaka. Naandika hivyo hivyo ulivyosoma: nilimtaka. Baba yake alikuwa baharia wa Tuvalu, hakuwa na hata mnazi mmoja hapa, na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Wazee wa ukoo hawakutaka mtoto wa baharia aje akae katika nyumba yetu. Lakini hawakusema hivyo. Walikaa wakahesabu vizazi, wakasema nyanya yake Hakaia alilelewa nyumbani kwetu tangu ana miaka mitatu, kwa hiyo ni damu yetu, kwa hiyo mimi na yeye ni ndugu na ndoa hakuna. Hakaia akasimama mbele yao akasema, “Kulelewa si kuzaliwa. Mimi na Lepeka si ndugu.” Akaambiwa akae chini.

Mwaka uliofuata waligawa minazi ya ng'ambo ya ziwa. Mama yake Hakaia akaja na kikapu. Kama sisi ni damu yenu, akasema, nimekuja kuchukua fungu langu. Wazee wale wale wakamjibu kuwa mama yake alilelewa tu, hakuzaliwa kwetu, na minazi ni ya waliozaliwa. Nilikuwepo, nikiwapepea nzi. Yule mama alikigeuza kikapu chake juu chini, akakiweka kichwani kama kofia, akaondoka. Mimi niliendelea kupepea nzi. Hilo ndilo ambalo sikutaka uniulize. Hakaia alisimama, mimi nilikaa. Baadaye akamwoa Kula, akazaa naye, akamzika miaka mitatu iliyopita. Mimi nikapewa nyumba ya kugawia.

Basi Jumatatu nilimtumia Hakaia salamu: njoo ofisini. Akaja amevaa shati jeupe na tai. Tai, Meleane, saa tatu asubuhi, kwenye jua lile! Akaandika jina lake, akaandika namba ya pasipoti, na kwenye ule mstari akaandika pole pole kwa herufi kubwa, SI NDUGU YANGU. Akaitazama karatasi. “Miaka arobaini na miwili,” akasema, “hatimaye mtu kaniuliza.”

Panapa akakataa kupiga muhuri. “Kila mtu anajua mlikatazwa kwa sababu ni ndugu. Nikipiga, wazee watanila mbichi.”

“Basi twende kwa wazee, sote watatu,” nikasema.

Wazee walikuwa kwenye mkutano, wanajadili tangi la maji. Wanawake hatuingii, tunakaa ukingoni mpaka tuitwe. Niliingia. Mzee Eneliko, ambaye mwaka ule wa 1951 alikuwa mdogo wao na leo ndiye mkubwa wao, akainua mkono.

“Lepeka, kaa, tutakuita.”

“Mliniita mwaka hamsini na moja, nikakaa. Leo nasimama.”

Akaushusha mkono. Nikasema, “Nina swali moja. Hakaia ni ndugu yangu au si ndugu yangu?”

“Hilo lilikwisha semwa.”

“Lilisemwa mara mbili. Siku ya posa ni ndugu, siku ya minazi si ndugu. Mimi nataka jibu moja. Kama ni ndugu, jioni hii nampelekea fungu lake la nazi kutoka mlangoni pangu, na lile la miaka arobaini na mmoja iliyopita mtajua wenyewe mtalitoa wapi. Kama si ndugu, Panapa apige muhuri.”

Mmoja akasema mimi ni mwanamke wa heshima, nisijivunjie heshima uzeeni. Nikamwambia heshima hiyo ninaigawa kila siku na yeye huja kuchukua fungu lake na sufuria. Nje nikamsikia Hakaia anacheka, na Pula naye, na sijui Pula alifika saa ngapi.

Eneliko aliutazama mkeka. Kisha akasema, “Panapa, piga muhuri.”

Panapa, aliyekuja na muhuri kamba yake ikining'inia, akapiga. Muhuri ulilia ta! nyumba nzima. Wakadhani nitaondoka.

“Muhuri ni wa serikali,” nikasema. “Mimi nataka neno.”

“Lepeka, umeshapata ulichotaka.”

“Hujui nilichotaka. Hamkuuliza.”

Basi yule mzee, miaka themanini na minne, akanitazama usoni mara ya kwanza tangu niingie. “Tulikosea,” akasema.

“Wapi? Kwenye minazi au kwenye ndoa?”

“Kwenye ndoa.”

Nikashukuru, nikatoka. Nilifika nyumbani nikalia mpaka samaki wa mgao wakaanza kunuka, na usifikiri nililia kwa furaha. Nililia kwa hasira. Neno moja tu, na lilikuwa mdomoni mwao wakati wote.

Picha imepigwa kwenye ukuta wa kanisa kwa sababu ndio pekee mweupe. Mwalimu Msamoa alisema nisitabasamu. Hakuwa na sababu ya kuniambia. Fomu inaondoka leo na meli. Ikikosa safari ijayo, sitafika kwako kwa wakati, kwa hiyo nenda pale kaunta uwasumbue.

Shangazi yako aliyesimama,
Lepeka


Porirua
5 Septemba 1993

Shangazi wangu,

Sijui hata nianze na salamu gani. Nimesoma barua yako mara nne na mara moja nimemsomea Baba kwa sauti. Nilipofika kwenye habari ya kikapu akaniomba nirudie. Kisha akalia, Shangazi, mbele ya Rawiri, na Rawiri hakujua aangalie wapi, akaenda kukata majani ambayo hayakuwa marefu.

Nimekwenda kaunta. Nimekwenda mara tatu. Yule mama alinikumbuka. Alisema, “Wewe si ndiye mwenye shangazi wa kisiwa kisicho na mgeni?” Alitafuta faili lako yeye mwenyewe, akaisoma ile SI NDUGU YANGU kwa herufi kubwa, akasema hajawahi kuona mtu aliyejaza mstari ule kwa furaha namna hiyo. Pasipoti imetoka tarehe 1, imekwenda Apia kwa ndege, itapanda meli ya mwisho wa mwezi. Ni meli hiyo hiyo utakayoondoka nayo. Kama haimo, basi ndiyo basi, harusi itapita bila wewe, maana siwezi tena kuisogeza. Unajua ni kwa nini. Ulijua kabla ya Mama. Mtoto atafika Desemba, kabla ya Krismasi. Nilikuonea aibu, lakini baada ya barua yako aibu imeniisha.

Baba anasema bila wewe hanitoi nyumbani. Mimi nimemjibu nitajitoa mwenyewe. Ameshtuka kidogo. Nadhani nimekurithi.

Na Hakaia je? Umeandika kurasa sita na habari yake umeikatisha kwenye kicheko. Anasemaje? Wewe unasemaje?

Meleane


Apia
1 Oktoba 1993

Meleane mwanangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye veranda ya shemeji yake mchungaji, nimekunywa vikombe vitatu vya kakao, na mguu wangu wa kushoto umevimba kwa meli. Barua hii anaibeba mtoto wa mwenye nyumba anayeruka kesho. Mimi naruka Jumanne. Siku nne kabla ya harusi yako nitakuwa hapo, na mkeka wako ninao, sikuutia kwenye shehena ya panya.

Sasa maswali yako. Baada ya siku ile ya muhuri Hakaia hakuja kwangu wiki nzima. Wiki ya pili akaja na panga, akaanza kufyeka nyuma ya nyumba yangu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nikatoka.

“Unatafuta nini huko nyuma?”

“Nasubiri.”

“Unasubiri nini?”

“Usome nilichosaini.”

“Nimesoma. Umeandika si ndugu yako.”

“Haya,” akasema. “Kama si ndugu, wewe ni nani wangu?”

Nilimwambia mimi ni bibi wa miaka sitini na moja mwenye magoti mabovu na ukoo wa watu sabini na wanne mlangoni. Akasema yeye ana jicho moja na nusu. Nikamwambia pia lile ambalo sikumwambia miaka yote, kwamba siku ile alisimama peke yake na mimi nilikaa. Akasema, “Najua. Nilikuwepo.” Halafu akarudi kufyeka, na mimi nikamletea maji.

Mchungaji ametufungisha ndoa Jumamosi iliyopita, siku mbili kabla ya meli. Sikungoja pasipoti. Ningekosa harusi yako ningelia, lakini yangu nisingeikosa tena kwa sababu ya karatasi ya mtu. Walisema. Walisema sana! Dada zake Hakaia wa kambo walisema uzee umenipanda kichwani. Wengine waliuliza nani atagawa samaki. Nikawaambia Pula atagawa nikiwa safarini, na kwamba kwa miaka thelathini nimewapa kila mtu fungu lake, sasa la kwangu nalichukua kwa mkono wangu. Mzee Eneliko alikuja. Alikaa nyuma, akaleta nguruwe. Nilimpokea nguruwe.

Hakaia yuko hapa, ananyoosha tai. Tunakuja wawili. Mwambie baba yako.

Ila nimalizie hili, maana bado linanichekesha. Jumatatu meli ilipofika nje ya mwamba, mashua ya kwanza ilileta mfuko wa barua, na pasipoti ilikuwemo. Niliishika, nikaifungua hapo hapo. Picha ni mbaya, jina ni la baba yangu, herufi zote ziko sawa. Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja kwenye mashua ya kwenda melini nilipomwona Panapa anakimbia mchangani na mwavuli wake, anapunga karatasi.

“Mama Mkubwa! Ngoja! Hii pasipoti ina jina la baba yako, na wewe sasa ni mke wa Hakaia! Sheria inataka ubadilishe! Ujaze fomu upya!”

“Upya yote?”

“Yote!”

“Na mdhamini?”

“Na mdhamini!”

“Asiye ndugu, wa damu wala wa ndoa?”

Akaiangalia karatasi yake. “Ndiyo, Mama Mkubwa.”

“Basi hayupo, Panapa,” nikamwambia nikikaa karibu na mume wangu. “Alikuwa mmoja tu, na nimeshaolewa naye.”

Lepeka